Midimu-mwitu ya Kwembago

Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi Mwanjaa Singano alioga mapema, akajifunga kanga iliyokuwa safi kuliko nyingine, akashuka mpaka mwisho wa msitu kwenda kuongea na mumewe.

Msitu ulipokoma palianza ukanda mtupu. Ulikuwa udongo mwekundu uliokwanguliwa majani yote, upana wake kama viwanja viwili vya mpira, na ulizunguka mlima mzima wa Kwembago. Ng'ambo ya ukanda ndiko yalikoanza mashamba ya machungwa, yakiteremka kuelekea Muheza, kijani kitupu mpaka macho yachoke. Na huko ng'ambo alisimama Mbelwa, mdogo kama kidole, amevaa shati jekundu ili mkewe asimchanganye na mtu mwingine. Waliangaliana kwanza. Kisha wakapigiana simu.

"Umekonda," Mbelwa alisema.

"Unanionaje kutoka huko?"

"Sikuoni. Huwa nalisema hilo kila mwezi, nikijua ipo siku nitapatia."

Mwanjaa alicheka, na kicheko kikamshtua mwenyewe, kwa kuwa kilikuwa cha kwanza tangu Ijumaa ya mwezi uliopita.

Hakuna aliyeruhusiwa kuukanyaga ukanda ule. Mwanjaa alikuwa mlinzi wa midimu-mwitu, ile miti mifupi yenye miiba iliyobaki Kwembago tu baada ya kwisha kila mahali pengine. Mbelwa alikuwa fundi wa kubebesha miche, kupachika kichipukizi cha mti mmoja juu ya shina la mwingine, katika mashamba ya michungwa ya afua. Sheria ilitenga msitu na mashamba, visije vikaambukizana vidudu. Aliyetoka msituni ilimpasa akae karantini siku arobaini kabla ya kukanyaga shambani, na Mwanjaa hakuwa na wa kumwachia miti siku zote hizo. Alikuwa amepanda mlimani kushika nafasi kwa muda tu, mlinzi wa zamani alipofariki. Muda huo ulikuwa umeingia mwaka wa tisa.

Mbelwa naye asingeweza kumfuata. Alizaliwa na selimundu, na kila asubuhi alikula chungwa moja la afua kama wenzake wote walioishi kandokando ya mashamba yale. Dawa ilikuwa ndani ya maji ya chungwa lenyewe. Ilizifanya chembe za damu zikae duara, zisipinde na kuziba mishipa. Lakini chungwa likishachumwa, dawa haikufika siku ya tatu. Walijaribu barafu, walijaribu chupa, walijaribu kulikausha unga, ilipotea tu. Kwa hiyo wagonjwa waliifuata miti, wakajenga, wakaoa na kuzaa, na kando ya mashamba pakawa mji.

"Mwanjaa," Mbelwa alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kule bondeni kuna miti imegeuka manjano."

"Si njaa ya mbolea?"

"Mbolea ikipungua jani huwa manjano sawasawa, kulia na kushoto. Haya yana mabaka, upande huu hivi, upande huu vile. Nimechuma chungwa moja nikalipasua. Limepinda ndani, na mbegu zake nyeusi."

Hizo zilikuwa dalili za mnyauko, ugonjwa unaoua michungwa. Walikuwa wameusikia kwenye redio kwa miaka, ukisimuliwa kama habari za nchi za watu.

*

Dokta Tunu Mbwambo alipanda mlimani kwa miguu, peke yake, amevaa vazi jeupe lililomfunika mpaka kucha. Mwanjaa alimwona akihangaika na mteremko, akamteremkia na fimbo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unajua ukishafika huku utakaa karantini siku arobaini?"

"Najua. Jambo lenyewe si la simu."

Alikuwa mkuu wa maabara ya Jumuiya ya Afua, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye macho ya mtu asiyelala. Hakutaka kukaa. Alitaka kwanza kuiona miti, basi Mwanjaa akamtembeza.

Michungwa ya afua, maelfu kwa maelfu, ilikuwa mti mmoja. Yote ilibebeshwa kutoka kwa mama mmoja, na kilichoweza kuua mmoja kiliweza kuua yote. Midimu-mwitu haikuwa hivyo. Huu ulizaa vidimu kama goroli, vya rangi ya chungwa, vichungu mpaka ulimi unakufa ganzi. Ule matunda yake yalifika yai la kanga, na maganda yalinuka kama pilipili mbichi. Mwingine haukuzaa kabisa, ukatoa maua tu mwaka mzima. Mwanjaa alikuwa ameipa majina, maana kukaa na viumbe bila kuviita jina kulimshinda. Mkorofi alikuwa na miiba mirefu. Bi Harusi ndiye wa maua. Kiziwi alisimama mwambani ambako hata mvua haikumfikia vizuri.

Dokta Tunu alichuma jani la Mkorofi, akalibana kwenye kifaa kidogo mkononi, akasubiri. Akafanya hivyo kwa Bi Harusi, kwa Kiziwi, na kwa miti mingine aliyoipita. Kila mara alikitazama kifaa, kisha akatazama pembeni.

"Inaumwa, mama," alisema mwishoni. "Yote. Mnyauko umo ndani yake tangu zamani, pengine tangu kabla hatujazaliwa. Isipokuwa hii imezoeana nao. Upepo wa Machi ndio uliovusha vidudu mpaka kule chini, na michungwa yetu haijui kuishi nao."

Mwanjaa alielewa sasa kwa nini msichana huyu amepanda mwenyewe badala ya kupiga simu.

Miaka mingi nyuma misitu ya namna hii ilikuwa ikiteketezwa kwa amri za ofisini. Ndipo sheria ikaja kuliweka neno la mwisho kinywani mwa mlinzi anayeishi humo. Mitambo ya moto ilizunguka Kwembago, imetulia ndani ya masanduku yake ya chuma, na haikuwa na swichi. Ilisikia sauti ya mlinzi tu.

"Nikitamka?" Mwanjaa aliuliza.

"Msitu unaungua asubuhi moja. Sisi tunang'oa mashamba ya bondeni, ya juu yanapona. Tunapata miaka kumi, pengine kumi na mitano."

"Halafu?"

"Halafu mnyauko utaingia kwa njia nyingine. Umeshazagaa nchi za jirani. Na siku hiyo hatutakuwa na mti hata mmoja unaojua kuuvumilia."

"Mbegu je? Si nichume mbegu?"

"Tulizichukua kwako mwaka juzi, unakumbuka? Miche iliyooteshwa mbali na msitu huu ilipopata mnyauko ilikufa kama michungwa mingine. Kuna kitu kwenye udongo huu na mizizi ya mama zake. Bado hatujakijua."

"Na nisipotamka?"

Dokta Tunu alikaa kwenye jiwe. Vazi lake jeupe lilikuwa limeshachafuka magotini.

"Mashamba yote yatakufa. Misimu miwili ya mvua, si zaidi. Tutajaribu kubebesha afua juu ya mashina ya mwitu. Mpaka sasa vinakataana, kikonyo tunachopachika kinakauka. Inaweza kutuchukua miaka. Inaweza isiwezekane. Watu watarudi kwenye vidonge vya zamani. Wapo vitakaowafaa, na wapo ambao..."

"Mume wangu anakula afua."

"Najua, mama. Ndiyo sababu nimeona aibu kukupigia simu."

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Namshukuru Mungu si mimi," Dokta Tunu alisema, na machozi yakamtoka akiwa ndani ya kofia yake ya plastiki, asiweze kuyafuta.

*

Mwanjaa hakungoja Ijumaa. Alimpigia Mbelwa kesho yake, akamweleza yote bila kuficha kitu.

"Washa moto," Mbelwa alisema mara moja.

Mwanjaa alikuwa amejiandaa kwa maneno mengine.

"Ulidhani nitasema nini?" Mbelwa aliendelea. "Kwamba acha miti iishi, mimi nimeshakula chumvi ya kutosha? Usinifanye shujaa, mke wangu. Mimi fundi wa kubebesha miche. Nataka kuishi. Watu wa huku nao wanataka kuishi, na watoto wao. Hiyo miaka kumi unayoiona michache, kuna mtoto hapa jirani yangu atamaliza shule kwa miaka hiyo."

"Na wa baadaye?"

"Wa baadaye watakuwa na madaktari wao." Akavuta pumzi. "Na wewe utashuka. Hilo hulioni? Miti ikiisha, mlinzi wa nini? Utashuka tukae nyumbani, unipikie au nikupikie, tugombane juu ya chumvi kama watu wengine. Nimechoka kuongea na mke mwenye ukubwa wa sisimizi."

Hapo ndipo palipomuuma Mwanjaa. Kila alipoitafuta sababu ya kuwasha moto alikuta mbele yake mlango wa nyumba yao, na Mbelwa amekaa barazani anamenya kitu. Alijaribu kuwafikiria wagonjwa wale peke yao, bila mlango ule, akashindwa. Tamaa yake mwenyewe ilikuwa imeshatangulia kukaa kila mahali. Na mtu anayetamani jambo kiasi hicho, aliwaza, ataaminikaje kulihukumu?

Siku iliyofuata alikwenda kwenye sanduku la chuma lililokuwa karibu na kibanda chake. Alikuwa ameamua kutamka. Alikiri hivyo kwa Dokta Tunu baadaye, na hakuna sababu ya kutomwamini. Alifungua mlango wa sanduku, taa ndogo ikawaka.

"Mlinzi, jitambulishe," mtambo ulisema kwa sauti ya kike, ya upole.

"Mwanjaa binti Singano."

"Nimekutambua. Kama unaruhusu, sema, naruhusu."

Karibu naye palikuwa na Mkorofi, na mende-maua alikuwa akihangaika katikati ya ua lake. Upepo ulileta harufu ile kali ya maganda. Mwanjaa alifungua kinywa. Alimfikiria Mbelwa. Kisha akafikiria jambo dogo tu: kwamba baada ya neno hili hakutakuwa na mtu mwingine, popote, wakati wowote, atakayeweza kulirudisha. Mtu akifa huacha wengine. Miti hii ilikuwa ndiyo wengine wenyewe.

Mtambo ulisubiri. Ukauliza tena. Ukasubiri. Mwishowe taa yake ikazimika yenyewe.

Alimpigia mumewe. "Nimeshindwa," alimwambia.

Mbelwa alisikika akipumua. Kisha simu ikakatwa, na Ijumaa ya mwisho wa mwezi ule hapakuwa na mtu ng'ambo ya ukanda.

*

Kutoka juu, Mwanjaa aliyaona mashamba yakigeuka. Manjano ilianzia bondeni, ikapanda kidogo kidogo kama maji yanayojaa. Msimu wa pili wa mvua ulipokwisha, mteremko mzima ulikuwa na rangi ya shamba la mahindi lililosahauliwa bila kuvunwa.

Droni iliendelea kumletea unga, maharage na mafuta ya taa. Akina mama wa ghala waliofunga mizigo ile walikuwa na desturi ya kumfichia kashata chini ya unga, mbili au tatu, zimefungwa kwenye karatasi. Kashata zikakoma. Hapakuwa na ujumbe wowote. Unga ulikuwa kamili, maharage kamili.

Redioni hawakumtaja jina. Walisema, "mlinzi wa Kwembago." Wengine walimtetea, maprofesa wa mbali wenye sauti nzuri, na utetezi wao ulimchoma kuliko lawama. Alitegemea watu waje na mapanga. Alikaa akiwasubiri. Hakuna aliyekuja, na hilo nalo lilikuwa jibu.

Kisha siku moja adhuhuri simu yake iliita, namba asiyoijua.

"Ndiye mlinzi?" Ilikuwa sauti ya mwanamke.

"Ndiye mimi."

"Mimi Mama Hemedi, wa Kwemhanya. Hemedi tumemzika leo. Alikuwa na miaka saba. Vidonge vilimkataa." Sauti haikuwa na kilio wala hasira. "Nimeona ulijue jina lake. Na mdogo wake wa kike naye anao ugonjwa. Anaitwa Mwasiti. Basi ni hayo tu."

Mwanjaa alitaka kusema pole. Kabla hajalitamka, mwanamke alikuwa ameshakata simu. Alikaa chini penye vumbi mpaka jua likageuka upande. Tangu siku hiyo aliacha kuita miti majina.

*

Mbelwa alivuka ukanda mchana kweupe, baada ya mashamba ya juu kabisa kukauka. Mwanjaa alikuwa akichanja kuni. Alimwona mtu anatembea katikati ya udongo mwekundu, anasimama, anapumzika kwenye fimbo, anatembea tena. Alikimbia kumpokea akasahau viatu.

Alikuwa amekwisha mwili. Macho yalikuwa manjano kama majani ya miti yake. Begani alibeba kapu lililofunikwa kwa kitambaa kibichi.

"Umeukanyaga ukanda!" ndilo neno lililomtoka Mwanjaa.

"Kule chini hakuna tena cha kulinda," Mbelwa alisema. Alimtazama usoni, kwa karibu, kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na zaidi. "Kumbe ni kweli umekonda."

Mwanjaa alinyoosha mkono. Mbelwa akaurudisha nyuma kwa upole.

"Ngoja. Nikuambie mapema usije ukakosea. Sikuja kukusamehe. Nimekuja kufanya kazi."

Kapuni kulikuwa na vikonyo vya afua, kutoka kwenye mti wa mwisho uliobaki ndani ya nyumba ya nyavu ya maabara. Na kulikuwa na vijiti vya mdanzi, ule mchungwa mchungu wa kutengenezea achari. Lilikuwa wazo la Dokta Tunu. Afua na mwitu vilikataana vikigusana, lakini mdanzi ulipatana na vyote viwili. Basi uwekwe katikati, kama mtu anayekaa kati ya ndugu waliogombana. Mashine za maabara ziliifanya kazi hiyo kwenye vyungu, si kwenye miti iliyokomaa yenye miiba mlimani. Ilihitaji mikono.

Wakaanza. Mbelwa alichagua tawi, akalichana gome kwa kisu chake chembamba, akapachika mdanzi, akafunga kwa utepe wa plastiki. Mdanzi ukishashika, wiki kadhaa baadaye, alipachika juu yake jicho la afua, kichipukizi kilichokatwa kwenye kikonyo. Mwanjaa alishika matawi, akachomwa miiba, akapokea na kutoa utepe. Walipokuwa wakifanya kazi Mbelwa alimtajia waliokufa. Hakumtukana wala hakupandisha sauti. Alisema tu: leo nimemkumbuka Mzee Kiango, aliyekuwa akiuza supu. Leo nimemkumbuka yule binti wa Shemdoe, alikuwa karibu kuolewa. Mwanjaa alisikiliza wote. Jioni alikoka moto mkubwa, maana baridi ya mlima ilimvunja mumewe mifupa, na alimkanda miguu kwa maji ya moto mpaka maumivu yalegee.

Macho ya kwanza yalikauka yote. Ya pili yakakauka. Dokta Tunu alipanda na vikonyo vipya, safari hii bila vazi jeupe, wakakaa watatu wakayakata matawi yaliyokufa na kuyachungulia ndani. Akashauri wachelewe kidogo, wangoje utomvu upande baada ya mvua. Wakangoja. Safari ya tatu, kwenye mti uliokuwa ukiitwa Kiziwi na kwenye miti mingine michache, jicho lilibaki kijani. Likavimba. Likatoa jani.

Mbelwa alilitazama jani lile, akakaa chini.

"Bado unanichukia?" Mwanjaa alimuuliza.

"Siku nyingine, ndiyo," Mbelwa alisema. "Leo mgongo unaniuma mno, sina nafasi."

Kisha akautafuta mkono wake, akaushika, wakakaa hivyo.

*

Maua yalitoka mwaka uliofuata, wakati wa baridi ya Julai. Mbelwa alikuwa ameshindwa kutembea. Mwanjaa alimbeba mgongoni, alikuwa mwepesi kama mzigo wa majani makavu, akampeleka mpaka chini ya tawi. Mbelwa aliliinamisha akanusa.

"Hii si harufu ya afua," alisema. "Ina ukali."

"Vibaya?"

"Si vibaya. Ni mti mwingine tu."

Kifua kilimbana siku chache baadaye. Dokta Tunu alituma droni na mtungi wa hewa, na muuguzi akaelekeza kwa simu, lakini pumzi za Mbelwa ziliendelea kufupika. Alasiri moja, akiwa amelala kichwa mapajani kwa mkewe, zilikoma.

Wanaume wa mjini walipanda. Walimwosha, wakamswalia, wakachimba kaburi mahali alipopachagua mwenyewe, kando ya ukanda, upande wa mashamba. Mwanjaa aliwapikia uji. Waliusifu kwa adabu, wakasema wana haraka, wakashuka bila kuuonja.

Eda aliikaa mlimani, ambako haikutofautiana sana na siku nyingine. Matunda yalikuwa madogo kama punje za mbaazi. Yakawa goroli. Yakawa ndimu. Aliyakinga na tumbili kwa kupiga debe, akizungumza na mumewe kwa sauti kama watu wanavyoongea na mtu aliyeko chumba cha pili, na asipojibiwa alitulia kidogo, kisha akaendelea.

Yalipoiva Dokta Tunu alikuja na vifaa vyake. Alipima, akapima tena, akaketi.

"Imo," alisema. "Ila kidogo, mama. Moja la zamani ni kama matatu haya. Na mti mwenyewe una mnyauko, na hauna habari nao." Akamshika Mwanjaa mabega. "Tutabebesha mingine humu humu msituni. Miaka michache, afua itarudi. Unasikia?"

Mwanjaa alisikia. Alijaribu kufurahi, na furaha ilikuja, lakini ilimkuta hana wa kumwambia.

"Ya sasa yatatosha wangapi?"

"Watoto wachache tu. Itabidi tuanze na wale walio mahututi."

"Kuna mmoja Kwemhanya," Mwanjaa alisema. "Anaitwa Mwasiti. Kama bado yupo, nipe nimpelekee mimi."

Yule mtoto alikuwepo, na hali yake ilikuwa mbaya kiasi cha kutosha.

*

Alishuka alfajiri na kikapu kichwani. Ukanda ulikuwa umeanza kuota majani. Alipita katikati ya mashamba, mistari kwa mistari ya miti mikavu, meusi matawi, na hakusikia hata ndege. Mjini nyumba nyingi zilikuwa na makufuli. Mwanamke aliyekuwa akifagia uwanja alimtazama, akamtambua, akaingia ndani na ufagio wake.

Kwemhanya alielekezwa na mwenye duka, kwa kidole, bila neno.

"Hodi," alisema mlangoni. Hakuitikiwa. "Hodi hapa."

Mlango ukafunguliwa. Mama Hemedi alikuwa mdogo kuliko alivyomdhania, msichana kabisa, angeweza kuwa binti yake. Alimtazama kuanzia miguuni. Shikamoo haikutoka, na Mwanjaa hakuitarajia.

"Ni wewe."

"Ni mimi." Alikishusha kikapu. "Matatu kwa siku. Ni machungu. Yaliyochumwa leo yaishe kesho."

Mama Hemedi aliinama, akachukua chungwa moja, akaligeuzageuza. Lilikuwa dogo, ganda lake gumu lenye vinundu, na lilipokwaruzwa na kucha lilitoa ile harufu kali ya mwituni.

"Hemedi alipenda matamu," alisema.

Mwanjaa alisimama tu pale, mikono imemning'inia.

Mama Hemedi aliita ndani. Akatoka mtoto wa kike, tumbo kubwa, vidole vimevimba, akitembea kwa kujishika ukutani. Mama yake alichuchumaa palepale kizingitini, akamenya chungwa kwa meno na kucha, akampa kipande. Mtoto alitafuna. Uso wote ukakunjamana, akataka kutema. Mama akamshika kidevu.

"Meza."

Mtoto alimwangalia mama yake, akamwangalia mgeni, akameza. Machozi yakamtoka. Akapewa kipande cha pili, akameza na hicho. Hivyo hivyo mpaka chungwa la tatu likaisha, na maganda yakawa chungu dogo mlangoni.

Mama Hemedi alifuta mikono kwenye kanga, akayatoa kikapuni matatu ya kesho. Alisimama.

"Asante sikupi," alisema.

"Sikuifuata."

"Na ndani sikukaribishi."

"Sawa, mwanangu."

Neno lile la mwisho lilimponyoka. Mama Hemedi alilisikia. Taya zake zilikaza, kisha zikalegea kidogo, au labda ni uchovu tu.

"Lakini kesho kutwa uje na mengine," alisema. "Na siku inayofuata pia. Usimwache akakosa."

"Nitakuja."

Mlango ukafungwa, taratibu, bila kubamizwa. Mwanjaa aliokota kikapu chake kitupu. Kurudi kulikuwa mbali, na njia yote ilikuwa ya kupanda, kwa hiyo hakukaa hata kupumzika.